Namna ya kusoma kisa kimoja na wafasiri wa zama za kati: Ibrahimu, mwanawe na yule kondoo

Vifaa ni vichache: kaunta buku moja, penseli yenye kifutio, Biblia ya Kiswahili, Msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili, na simu yenye bando. Kinachowashinda watu si vifaa. Wengi humfungua mfasiri, yaani mwanachuoni aliyeeleza maana ya aya, kabla ya kukifungua Kitabu chenyewe, wakaletewa jibu la swali ambalo hawajaliuliza. Basi Rashi wa Wayahudi anaonekana mtunga hadithi, al-Tabari wa Waislamu anaonekana mzee asiyeweza kukata shauri, na wale mapadri wa Kilatini wanaonekana kama walikuwa wanaota. Hawakuota. Kila mmoja alikwama mahali fulani kwenye aya, na kazi yako ya kwanza ni kukwama hapohapo alipokwama yeye.

Mimi nilikuwa mwalimu wa historia sekondari hapa Tanga mpaka nikastaafu, na darsa za tafsiri nimezikalia tangu utotoni. Siku hizi tunasoma barazani kwangu Jumamosi baada ya Alasiri: mimi, mzee mmoja katekista, na Mama Mchungaji wa Kilutheri ambaye haji mikono mitupu, Mungu amzidishie. Myahudi hatuna, kwa hiyo Rashi anatujia kwa simu. Njia ninayoieleza hapa ndiyo tunayoitumia barazani. Mwenye shahada ya theolojia ana njia zake, wala simzuii.

Anza na kisa kifupi

Chukua Nabii Ibrahimu anapoamriwa kumtoa mwanawe. Kwenye Biblia ni Mwanzo 22, aya ya 1 hadi 19. Kwenye Qur'ani ni Sura ya 37, as-Saffat, aya ya 100 hadi 113. Nakipendekeza kwa sababu dini zote tatu bado zinakiishi. Wayahudi hukisoma sinagogini siku ya pili ya mwaka wao mpya, Rosh Hashana. Wakatoliki hukisoma usiku wa kesha la Pasaka. Sisi Waislamu tunachinja Idi kubwa kwa ajili yake. Kisa kinachosomwa hivyo hakikosi wafasiri, na wafasiri wakiwa wengi ndipo unapoweza kuwalinganisha.

Sasa kisome bila mfasiri yeyote. Soma polepole, kwa sauti ukiweza, na kila kinachokukwaza kiandike. Usione haya kuandika maswali ya kitoto; hayo ndiyo yaliyowakesha wazee. Barazani kwetu upande wa Mwanzo yalitoka haya:

Mungu anasema: mwanao, mwana wako wa pekee, umpendaye, Isaka. Mbona maneno yote hayo kwa mtoto mmoja? Halafu pekee vipi, na Ismaili yupo? Mtoto mwenyewe ana umri gani? Anabeba kuni za kuteketeza, kwa hiyo si wa kubebwa mgongoni. Lakini anauliza swali moja tu njiani, baada ya hapo hasemi neno. Huyu kondoo dume aliyenaswa kichakani ametoka wapi, juu ya mlima usio na zizi? Na aya ya 19 inasema Ibrahimu akarudi kwa vijana wake. Isaka hatajwi. Amebaki wapi?

Upande wa Qur'ani maswali ni mengine. Mtoto hana jina kabisa. Baba anamwambia ameona ndotoni kwamba anamchinja, kisha anamwuliza, waonaje? Ikiwa ni amri ya Mwenyezi Mungu, kuulizana kwa nini? Na kilichotolewa badala yake kimeitwa mnyama mkubwa wa kuchinjwa. Ukubwa gani?

Ukishakuwa na orodha kama hiyo, nusu ya kazi umeimaliza. Acha nafasi chini ya kila swali.

Rashi

Mimi huanza na Rashi kwa sababu maelezo yake ni mafupi na hayaachani na maneno ya aya. Jina lake Rabi Shlomo Yitzhaki, alizaliwa mwaka 1040 kule Troyes, kaskazini ya Ufaransa, akasomea Mainz na Worms, akafariki 1105. Kitabu cha kwanza cha Kiebrania kilichopigwa chapa kikiwa na tarehe yake ni maelezo yake ya Taurati, Reggio di Calabria, Italia, 1475. Hii inakuonyesha watu walikuwa wanamtaka kiasi gani.

Kwenye simu tumia Sefaria, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya Kiyahudi. Ni bure, ina Kiebrania na Kiingereza. Ukigusa aya, wafasiri wanajipanga pembeni. Ukiiona picha ya ukurasa wa chapa za kale, kama zile alizotoa Daniel Bomberg mjini Venice kuanzia 1516, utakuta aya katikati kwa herufi kubwa na wafasiri wameizunguka kwa herufi ndogo. Kila maelezo ya Rashi huanza kwa kunukuu neno au maneno mawili ya aya. Hayo ndiyo ya kuyatazama kwanza. Kabla hujasoma anachosema, funika kwa kidole, jiulize: neno hili lina tatizo gani mpaka akasimama hapa? Kisha fungua. Pengine pia atakuwekea neno la Kifaransa cha wakati wake kwa herufi za Kiebrania, maana wanafunzi wake wa Troyes walizungumza Kifaransa nyumbani na sokoni.

Tazama alivyoifanya aya ya 2. Anayageuza yale maneno manne kuwa mazungumzo. Mungu anasema, mwanao. Ibrahimu anajibu, nina wana wawili. Mungu: wako wa pekee. Ibrahimu: huyu ni wa pekee kwa mama yake, na yule ni wa pekee kwa mama yake. Mungu: umpendaye. Ibrahimu: nawapenda wote wawili. Ndipo linapotajwa jina, Isaka. Kisha Rashi anaeleza kwa nini jina halikutangulia: ili habari isimpige Ibrahimu kwa ghafla, akili ikamruka.

Tulipofika hapo Mama Mchungaji aliweka kikombe chini. "Maalim, haya majibu ya Ibrahimu huyu mtu kayatoa wapi? Kwenye Biblia yangu Ibrahimu hafungui kinywa."

Nikamwambia asome tena akidhani yuko kwenye daladala, karibu na mtu anayeongea na simu. Unamsikia upande mmoja: "Mwanao… yule wa pekee… unayempenda… Isaka!" Wa upande wa pili humsikii, lakini unajua kabisa anasema nini, kwa sababu huyu wa kwako anazidi kubainisha. Rashi ameisikiliza aya namna hiyo, na kabla yake walikuwapo wazee wa Talmudi, kile kitabu kikubwa cha mapokeo na sheria za Kiyahudi, walioisikiliza vilevile. Mengi ya hayo anayachukua kwao. Kwa majibu hayo maswali yetu mawili yanajibiwa kwa mkupuo: kwa nini maneno mengi, na kwa nini pekee.

Kuhusu umri anapiga hesabu. Sara alimzaa Isaka akiwa na miaka 90, alikufa akiwa na 127, na habari ya kifo chake inakuja mara tu baada ya kisa cha mlimani. Kwa hiyo, wanasema wazee na Rashi pamoja nao, habari ya mlimani ndiyo iliyomuua. Toa 90 kwenye 127: Isaka ana miaka 37. Mtu mzima, mwenye nguvu, aliyekubali kufungwa na mzee wa zaidi ya miaka mia moja. Ukimya wake njiani unageuka kuwa ridhaa.

Usimwache Rashi aende bila wa kumpinga. Fungua hapohapo Abraham ibn Ezra, mtu wa Tudela, Hispania, aliyekufa miaka ya 1160 baada ya kutangatanga nchi nyingi za Ulaya. Huyu ni mtu wa sarufi na hoja, mkali kidogo, na mimi nampenda kwa ukali huo. Anasema: ikiwa hiyo 37 ni mapokeo, tutayapokea, lakini kwa hoja haisimami. Kama Isaka alikuwa mtu mzima aliyeridhia, mbona Maandiko hayamsifu yeye? Sifa yake ingezidi ya baba yake. Yeye anaona kijana alikuwa na miaka kama 13, na baba alimfunga kwa nguvu. Ushahidi wake ni kwamba baba alimficha siri. Alipoulizwa mwana-kondoo yuko wapi alijibu Mungu atajipatia. Na kwenye lile swali la aya ya 19, wapo waliowahi kusema Isaka alichinjwa kweli kisha akafufuliwa. Ibn Ezra anawataja na kuwakataa.

Hapo una Wayahudi wawili, kitabu kimoja, na umri wa mtoto mmoja wanaupishana kwa miaka 24. Ndiyo maana nasema usiandike kamwe "Wayahudi wanasema". Andika jina. Hata mjukuu wa Rashi, Rashbam, alikuwa akibishana na babu yake juu ya maana ya wazi ya maneno, na ameandika kwenye maelezo yake ya Mwanzo 37 kwamba babu alikiri kuwa angepata nafasi angeandika maelezo mengine, kufuata maana za wazi zinazojitokeza upya kila siku.

Walatini

Hapa huwa nampisha Katekista. Ukifungua Biblia ya Kilatini ya zama za kati yenye Glossa Ordinaria, maelezo yaliyokusanywa Laon, Ufaransa, na Anselm wa Laon (alikufa 1117) na wenzake, utaona aya katikati kwa herufi kubwa, maelezo marefu pembeni, na maneno mafupi yamechomekwa juu ya mistari. Kwa macho inafanana na ule ukurasa wa Kiyahudi. Kwa masikio ni tofauti, kwa sababu wenyewe wanasoma Agano la Kale wakiwa wameshasoma Agano Jipya.

Waliachiwa kanuni ya maana nne. Mfano wa kale ni wa John Cassian, mmonaki wa karne ya 5: Yerusalemu kwa historia ni mji wa Wayahudi, kwa mfano wa imani ni Kanisa, kwa mwenendo ni roho ya mtu, na kwa tumaini la mwisho ni mji wa mbinguni. Karne ya 13 ilitungiwa mishororo miwili ya Kilatini ili wanafunzi waikariri: herufi yakufunza yaliyotendeka, mfano yakupasayo kuamini, maadili yakupasayo kutenda, na ya nne yakuonyesha unakokwenda. Watu wengi wakishaijua kanuni hii huanza kuzisaka maana nne kwenye kila aya, wakajichosha bure. Zamani zile zenyewe haikuwa hivyo. Nyingi ya aya zina maelezo ya aina moja au mbili, basi. Ilikuwa orodha ya milango. Hakuna aliyelazimishwa kupita yote.

Rudi kwenye neno lako, pekee. Kwenye Kilatini cha Mtakatifu Yeronimo aya ya 2 inasema *filium tuum unigenitum*. Na Yohana 3:16, Mungu alivyoupenda ulimwengu akamtoa Mwanawe pekee, ni *Filium suum unigenitum*. Neno lilelile. Msomaji wa Laon au Paris hakuhitaji kuambiwa. Sikio lake lilishasikia. Kiswahili nacho kimelibakiza, jaribu mwenyewe: mwana wako wa pekee, Mwanawe pekee. Ukishalisikia hilo, yanayofuata yanajipanga: Isaka anabeba kuni mabegani kupanda mlima, Kristo anabeba msalaba, kondoo amenaswa pembe kichakani, na Augustino, kwenye kitabu cha 16 cha *Mji wa Mungu*, anaona hapo Yesu aliyevikwa miiba kabla ya kutolewa. Tena katika kisa Isaka hafi, kondoo ndiye anayekufa, kwa hiyo Kristo anakuwa wote wawili: mwana na kondoo.

Mtu akikwambia haya ni maneno ya vitabuni tu, mtafutie picha ya madhabahu ya Klosterneuburg, karibu na Vienna, kazi ya Nicholas wa Verdun, 1181. Ni mabamba yaliyotiwa rangi za enameli, yamepangwa safu tatu. Safu ya kati ni maisha ya Yesu. Mtazame msalabani, kisha panda juu yake: Ibrahimu ameinua upanga juu ya Isaka. Shuka chini: watu wawili wamebeba kishada cha zabibu kwenye mti, wapelelezi wa Hesabu 13. Waliokuwa hawajui kusoma waliyaona hayo kwa macho.

Onyo moja la Katekista, na ninaliunga mkono. Thomas wa Akwino, mwanzoni kabisa mwa *Summa*, kitabu chake kikuu cha theolojia, anasema hoja hujengwa juu ya maana ya herufi tu. Maana za kiroho zinasimama juu yake. Kabla yake Hugh wa Saint-Victor, aliyekufa Paris 1141, alikuwa akiwagombeza wanafunzi waliorukia mafumbo bila kujua historia. Kwa hiyo ukiona padri wa zama za kati amepaa sana, mrudie na umwulize: herufi umeifanyaje?

Na aliyeishughulikia herufi kuliko wote ni Nicholas wa Lyra, Mfransisko wa Normandy, aliyefariki 1349. Alijua Kiebrania. Kwenye utangulizi wake anasema wazi kwamba atawafuata walimu wa Kiebrania, hasa Rabi Salomoni, aliyesema kwa hoja kuliko wote. Rabi Salomoni ndiye Rashi wetu wa Troyes. Tazama tarehe: mfalme wa Ufaransa aliwafukuza Wayahudi mwaka 1306, Talmudi ilishachomwa moto hadharani Paris mwaka 1242, na Nicholas anaandika miaka ya 1320 akiwa na Rashi mezani. Pale asipokubaliana naye humpinga kwa jina. Maelezo yake nayo yalipigwa chapa mapema sana, Roma, 1471 na 1472.

Al-Tabari na waliokuja baada yake

Ya kwetu nimeyaweka mwisho makusudi, kwa sababu Mwislamu akianza nayo hujiona ameshafika.

Ukikuta tafsiri ndefu, jua kwanza ni ya aina gani. Abu Ja'far al-Tabari, aliyezaliwa Amul, Tabaristan, mwaka 839 na kufia Baghdad 923, anafanya kazi kama kadhi. Anataja aya, anasema wenye elimu wamekhitalifiana, kisha anawapanga: waliosema hivi ni hawa, na kila kauli na mlolongo wa waliopokezana. Kurasa zinapita. Usikate tamaa. Ruka mbele mpaka anaposema kauli iliyo karibu zaidi na usawa kwake. Hapo ndipo hukumu ilipo. Ukishaipata, rudi nyuma uwasome mashahidi.

Kwa swali la jina, mtoto ni nani, anaorodhesha waliosema Isaka na waliosema Ismaili, masahaba na wanafunzi wao wakiwa pande zote mbili. Hukumu yake ni Isaka. Najua wengi mtasoma sentensi hiyo mara mbili. Hoja yake: popote Qur'ani ilipotaja jina la mtoto ambaye Ibrahimu alibashiriwa, ni Isaka, basi na huyu wa aya ya 101 ni yeye, ile bishara ya pili, aya ya 112, ni ya kupewa unabii. Na zile pembe za kondoo zilizotajwa kuwa zilitundikwa Kaaba, hoja ya wanaosema Ismaili? Anasema haikosi kuwezekana zilichukuliwa kutoka Sham, upande wa Syria na Palestina.

Karne nne na nusu baadaye Ibn Kathir, Damascus, aliyefariki 1373, anaipindua hukumu. Anasema fuata mpangilio wa sura: bishara ya mtoto mpole, kisha kisa cha kuchinjwa, ndipo inakuja bishara ya Isaka, basi yule wa kwanza si Isaka. Tena Sura ya Hud, aya ya 71, inambashiria Isaka na baada ya Isaka Yakubu. Mtu aliyeahidiwa mjukuu kwa mtoto huyo ataamriwaje kumchinja angali mdogo? Halafu anageukia Taurati yenyewe, na anashika neno lilelile la Rashi: pekee. Ismaili alizaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 86, kabla ya Isaka; mtoto wa pekee ni yule asiye na ndugu, na aliyepata kuwa hivyo ni Ismaili peke yake. Anaijua hata hoja ya upande wa pili, kwamba pekee maana yake ni aliyebaki nyumbani kwa kuwa Ismaili alishapelekwa Makka, naye anaikataa. Hukumu iliyoshika kwa Waislamu walio wengi leo ni hiyo ya Ismaili.

Kwa swali la waonaje, nenda kwa al-Zamakhshari, mtu wa Khwarazm, 1075 hadi 1144. Kitabu chake *al-Kashshaf* kimejaa mtindo mmoja: ukisema hivi, mimi nasema hivi. Kwa mtu wa kaunta buku huyu ni zawadi, maana swali anakuandikia mwenyewe. Ukisema, anauliza, kwa nini alimtaka shauri katika jambo ambalo Mungu ameshalikata? Anajibu: hakumtaka shauri ili afuate rai yake, bali ajue ana nini moyoni juu ya mtihani ulioshuka, akiwa anababaika amtie nguvu. Weka jibu hilo kando ya Ibn Ezra. Mmoja ana baba anayemweleza mwanawe ili amsaidie kusimama. Mwingine ana baba anayemficha mwanawe ili asikimbie. Aya zenyewe ndizo zilizowapeleka njia mbili.

Kisha kuna *Jalalayn*, kitabu ambacho wengi wa pwani tumelelewa nacho msikitini. Jalal al-Din al-Mahalli, aliyekufa 1459, ndiye aliyeandika nusu yenye as-Saffat. Al-Suyuti, aliyekufa 1505, alimalizia nusu ya mwanzo. Ni kifupi mno, mpaka wanafunzi hudhani ni chepesi. Kwenye umri anaandika: imesemwa miaka 7, na imesemwa 13. Kumi na tatu, ileile ya Ibn Ezra. Kwenye jina anaandika: naye ni Ismaili au Isaka, kauli mbili. Basi. Mjadala wote wa kurasa za al-Tabari umebanwa kwenye neno moja, *qawlani*, na sheikh asipokufungulia unapita juu yake kama hukuliona.

Tafsiri hizi za Kiarabu nyingi zipo bure kwenye altafsir.com. Kama Kiarabu hakipandi, tafuta ustadhi akusomee, chai juu yako. Jihadhari na Ibn Kathir wa mukhtasari anayeuzwa nje ya misikiti: wanaofupisha hukata kwanza kauli za waliopingwa na milolongo ya wapokezi, na hizo ndizo unazozitafuta.

Jaza daftari

Gawa ukurasa safu nne: swali, jina la mfasiri na mwaka aliokufa, ushahidi anaoutumia, na hukumu yake. Safu ya ushahidi ndiyo yenye thamani. Ukiandika hukumu tupu utakuwa na orodha ya wanaosema Isaka na wanaosema Ismaili, na hiyo hata mtoto wa chekechea anaweza kukuandikia.

Nikuonyeshe ukurasa wetu wa swali la kondoo, maana ndio ulionichekesha. Rashi, 1105: aliandaliwa tangu siku sita za uumbaji, ushahidi ni mapokeo ya wazee, hukumu, kondoo huyu hakupita njia kwa bahati. Augustino, 430: miiba ya kichaka, ushahidi ni Injili, hukumu, ni Kristo. Al-Mahalli, 1459: ni mkubwa kwa sababu ametoka Peponi, ndiye yule aliyetolewa na Habili, Jibrili akamleta; ushahidi ni mapokeo; hukumu inafanana ajabu na ya Rashi. Watu watatu, lugha tatu, na hakuna hata mmoja aliyekubali kwamba mnyama alikuwa amepotea tu mlimani. Katekista alisema, "Wafugaji wa Handeni wangekubali." Tukaendelea.

Ongeza safu ya tano ukipenda: uzito. Si kila maelezo yana nguvu sawa hata kwa mwenyewe aliyeyaandika. Mwaka 1263 mjini Barcelona, mbele ya mfalme James wa Aragon, Rabi Moshe ben Nachman, tunayemwita Ramban, alibanwa na Wakristo mjadalani kwa hadithi za midrashi, yaani masimulizi ya wazee juu ya Maandiko, akatenganisha vitabu vyao vitatu: Biblia, inayoaminiwa yote; Talmudi, inayofuatwa katika sheria; na midrashi, ambayo ni kama mahubiri, anayeiamini na aiamini, asiyeiamini hadhuriki. Kwetu nako maulamaa wamechuja habari zilizopokewa kwa Wana wa Israili, wakaziita Israiliyat. Ibn Kathir ni mkali nazo, al-Tabari amezipokea nyingi. Kwa hiyo kabla ya kumshika mtu na kauli, jua yeye mwenyewe ameiweka rafu gani.

Na daftari hili usilipeleke kwenye mihadhara ya uwanjani. Nimeshasimama pembeni ya mikutano ile ya kurushiana aya kwa kipaza sauti, kila upande ukimsomea mwenzake kitabu chake. Utapata shangwe ukitamka al-Tabari alisema Isaka, au Rashi alikiri Ibrahimu ana wana wawili. Lakini ushahidi wao hautasikika kwa makofi, na wewe utakuwa umebaki na safu moja tu kati ya nne.

Cha kufanya Jumamosi ijayo

Ukimaliza Ibrahimu hamia kwa Yusufu na mke wa bwana wake. Soma Mwanzo 39, aya ya 7 hadi 12, na Sura ya 12, aya ya 23 na 24, bila mfasiri. Qur'ani inasema lau asingaliona dalili ya Mola wake. Andika swali: aliona nini? Mwanzo inasema aliingia nyumbani afanye kazi yake. Andika swali: kazi gani, siku ambayo hapakuwa na mtu? Kisha fungua Rashi kwenye 39:11 na al-Tabari kwenye 12:24, na uandike ni uso wa nani uliomtokea Yusufu kwa kila mmoja. Kwa al-Tabari usiishie kauli ya kwanza, zipo kadhaa. Na tazama, kwenye moja ya hizo, huyo mzee anafanya nini na vidole vyake.